Mshenga wa Vitenzi

Mtaa mzima ulimwita Mshenga, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifundisha watu wazima Kiingereza, jioni, katika chumba alichokodi juu ya duka la matairi. Si Kiingereza chote, hapana. Kiingereza chote aliwaachia walimu wa kawaida wenye haraka zao. Yeye alifundisha ndoa. Kila kitenzi cha Kiingereza, alisema, ni bwana harusi mwenye mke wake halali, na mke huyo ni nomino, mara nyingine kivumishi, maana mapenzi hayachagui. Na vile vineno vidogo vinavyodandia mwishoni, "at", "for", "after", hao ni mashemeji: wadogo kwa umbo, lakini ukiwadharau watakuvurugia nyumba. "Look" akiandamana na shemeji wa kwanza anatazama, akiandamana na wa pili anatafuta, akiandamana na wa tatu analea mtoto. Mshenga akifika hapo alifumba macho kwa utamu, na watu waliotoka kazini wamechoka hoi walimtazama, wakaandika.

Kulikuwa na kadi. Za bluu ni vitenzi, nyeupe ni nomino na vivumishi, na za kijani, ndogo kama tiketi, ni mashemeji. Kila mwanafunzi alipewa kadi aishike kifuani, azunguke chumbani kumtafuta mwenzake, na waliopatana walisimama mbele ya Mshenga, naye akawagusa mabegani kwa rula ya mbao na kuwatangaza mume na mke. Nesi akishika "make" na mlinzi wa benki akishika "mistake", hongera, mkaishi vizuri. Mlinzi huyohuyo akijipeleka kwa "do", rula ilitua mezani kwa kishindo mpaka mafundi matairi huko chini wakainua vichwa, na Mshenga akatamka neno moja tu: talaka. Alilitamka kwa raha zake zote.

Sasa huyu bingwa wa ndoa alikuwa na ya kwake, na ilikuwa inaelekea kufa. Mkewe alikuwa karibu kuondoka. Mtaa ulilijua hilo, dada mkubwa wa mke alilijua, hata mwenye nyumba, aliyekuja mara moja kwa mwezi na hakukaa zaidi ya kunywa maji, alikuwa ameshalinusa. Asiyejua lolote alikuwa Mshenga peke yake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Fundi. Alipoolewa alikuwa mwanamke wa maneno, tena maneno ya kuvunja watu mbavu: anaanza kisa mlangoni hata viatu hajavua, anakiendeleza jikoni, anakimalizia kitandani taa imeshazimwa. Mshenga alimpenda kwa hilo. Ndipo akaamua kumsaidia, Mungu atuepushe na watu wanaoamua kutusaidia. Alitangaza kwamba jua likizama, lugha ya nyumba hiyo ni Kiingereza. Fundi akajaribu. Akasema ameitengeneza chai, akaambiwa kitenzi hicho si mume wa chai. Akasema amezima taa, akaambiwa shemeji amesahaulika. Akaomba radhi kwa kukosea, na ile radhi nayo ikasahihishwa. Akakimbilia Kiswahili, na mumewe akamfuata hukohuko, akamwambia kwamba hata huku tuna utaratibu wetu, mke wangu.

Basi mama wa watu akaanza kupunguza. Alipunguza visa kwanza, akabaki na sentensi. Akapunguza sentensi, akabaki na ndiyo na hapana. Mwishowe alibaki na kichwa cha kutikisa, maana kutikisa kichwa hakuna sarufi. Binti yao, aliyekuwa ameolewa mbali, alikuwa na akili zaidi ya mama yake: yeye alimtumia baba picha za kidole gumba kwenye simu na basi, kwa sababu kila alipomwandikia maneno yalirudi yamepigwa mstari mwekundu. Na Mshenga aliwaambia wanafunzi wake, kifua mbele, kwamba katika nyumba yake kuna amani ambayo wengi wanaitafuta. Aliyasema hayo akiwa na akili zake timamu.

Mwanafunzi mmoja alicheka aliposikia. Huyo alikuwa Kinyozi, mtu wa mwili mkubwa na mdomo usio na breki. Jioni hiyo Mshenga alikuwa akimsema "get", ambaye alimchukia kwa moyo wote. "Get", alieleza, ni mhuni: analala na kila kivumishi kinachopita njiani. Leo ana njaa, kesho analowa, keshokutwa amepotea, anaoa, anazeeka, anakasirika, hana anachokataa. Kinyozi akanyoosha mkono akasema huyo mbona ni "piga" wetu. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga pasi, na yeye hajawahi kuona pasi hata moja ikienda polisi kushtaki. Darasa zima likaangua kicheko, nesi akalia machozi. Mshenga alingoja kicheko kiishe, kisha akamshauri Kinyozi kwa sauti ya upole kabisa arudi kunyoa watu. Kinyozi akarudi kunyoa watu.

Ila hakuacha kusema Kiingereza. Wakati huo daraja jipya lilikuwa likijengwa mtoni, na wahandisi wake walitoka nchi mbalimbali, kila mmoja na Kiingereza chake alichokuja nacho kwenye begi, na hakuna hata kimoja ambacho Mshenga angekiruhusu kupanda ngazi zake. Walinyolewa kwa Kinyozi. Na nyuma ya duka hilo la kunyolea, ukuta wa mbao ukiwatenganisha, ndipo Fundi alipokodi chumba chake cha kushonea. Wahandisi wakimaliza kunyolewa walipitisha suruali zao kwake, huyu imembana kiuno, yule imempita viatu. Mwanzoni Fundi aliwahudumia kwa vidole, na pini mdomoni zilimpa kisingizio kizuri. Siku moja pini zikamwishia, akajikuta anamwambia mtu kwa Kiingereza kwamba amenenepa. Alilisema vibaya. Yule mtu akaelewa, akajibu vibaya vilevile, Fundi naye akaelewa, suruali ikapanuliwa. Fundi alikaa kidogo akasubiri rula. Haikuja.

Tangu hapo alifunguka kama bomba lililokuwa limezibwa. Kila jioni, kazi ikiisha, alitoa kigoda chake akakaa upande wa Kinyozi na kupiga soga kwa Kiingereza ambacho kingemlaza mumewe hospitali. Vitenzi vilichukua wake wa wenzao, mashemeji walikaa nyumba zisizo zao, na watu walicheka hadi sabuni ikawaingia machoni. Fundi alikuwa na furaha, na hilo lenyewe lilimtia hofu, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba ni kitu anachokijua.

Kampuni ya daraja ilinunua ovaroli zake kutoka kiwanda cha mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa barabara. Bosi wa kiwanda, mama mmoja mfupi asiyependa kupoteza muda, alipokuja kukagua kazi aliona mshono wa Fundi kwenye suruali ya mhandisi, akauliza aliyeshona ni nani. Wakakaa mchana mzima wakizungumza, kwa Kiingereza, Fundi na pini zake. Mwisho wake Fundi akapewa kazi: msimamizi wa mashine zote za ushonaji, pamoja na chumba cha kuishi. Alitakiwa aanze mwanzo wa mwezi.

Alitaka kwenda. Na alitaka, hili lilimchoma zaidi, kujua kabla hajakwenda kama mumewe bado anamtaka. Akisema baki, angebaki. Akisema nisubiri nami nafunga virago, angetafuta chumba cha watu wawili. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia neno la mume kwa mke, hata likiwa la kijinga. Lakini kila alipofumbua mdomo nyumbani alimwona Mshenga ameinua nyusi, tayari, anasubiri kosa, na neno likarudi tumboni. Siku zikapita, sanduku likafungwa na kusukumwa uvunguni, na aliyeambiwa waziwazi akabaki dada yake tu; mtaa ulijinusia wenyewe.

Dada mtu alikuwa na duka la maziwa kwenye kona, na hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimsimamisha Mshenga akielekea darasani akamwambia hivi: "Shemeji, mkeo anacheka kila jioni huko kwa Kinyozi. Wewe mara ya mwisho umemsikia akicheka lini?" Lilikuwa swali zuri, mwenye masikio angelisikia. Mshenga alisikia neno moja tu, Kinyozi, na nyongo ikampanda. Akaenda darasani, akafundisha kidogo, kisha akachukua koti lake akatoka, akawaacha "pay" na "attention" wamesimama mbele ya meza bila wa kuwafungisha.

Alifika kinyozini, akasimama nje ya pazia la plastiki akatega sikio. Alikuwa amejiandaa kukuta mambo, ameshapanga na maneno ya kusema, mazito kweli. Alichokuta ni mkewe juu ya kigoda, futi ya kupimia shingoni, anasimulia jinsi binti yao alivyokuwa mdogo akakata gauni la harusi la mteja ili amshonee mwanasesere, na yeye Fundi akakesha anatengeneza ua la kitambaa kuziba tundu, asubuhi akadanganya kwamba ni mtindo mpya, na bibi harusi akalipenda lile ua kuliko gauni. Kinyozi alikuwa amesimama, wembe hewani, machozi yanamtoka. Mhandisi mmoja alikuwa na povu nusu ya uso. Hakuna aliyemgusa mwenzake, hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Mwanamume mwingine angeshukuru Mungu akaingia akacheka nao. Mwingine, walau, angejiuliza kwa nini kisa hicho cha nyumbani kwake anakisikia leo akiwa nyuma ya pazia.

Mshenga alisikia kwamba tundu limepewa kitenzi kisicho chake.

Akavuta pazia, akaingia. Hakusema habari za jioni. Alisema "make", mkewe akageuka, akasema tena, polepole, kwamba tundu linaolewa na "make", na uongo unaolewa na "tell", si "say", hilo ni somo la mwanzo kabisa. Kicheko kikakatika. Mhandisi wa povu akauliza kwa adabu huyu bwana ni nani, na Kinyozi akamjibu, huku akifuta wembe, kwamba ni mume. Fundi alivua futi shingoni akaanza kuizungusha vidoleni. Mhandisi, maskini, alitaka kujua gauni liliishia vipi baada ya harusi. Fundi akamjibu kwa Kiingereza kwamba haikutokea kitu. Mshenga aliridhika, maana jibu hilo halikuwa na dosari.

Walirudi nyumbani, yeye mbele anaeleza, mke nyuma ananyamaza. Alieleza kwamba wageni wale watamharibu, kwamba kosa likisemwa mara nyingi linaota mizizi, kwamba yeye binafsi hana kinyongo. Fundi alikuwa akilia, lakini alilia bila sauti, na kilio cha namna hiyo hakikuwa na kitu cha kusahihishwa, kwa hiyo hakikuonekana.

Kesho yake dada mtu alifunga duka la maziwa mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa, akapanda hadi darasani. Mshenga alikuwa peke yake anapanga kadi. Alipewa vidonge vyake vyote, bila maji. Aliambiwa kwamba amemwaibisha mkewe mbele ya watu, kwamba mwanamke yule amekuwa bubu kwa ajili yake, kwamba binti yao anaogopa kumwandikia salamu. Mshenga alitaka kujitetea, akanyooshewa kidole.

"Nyamaza. Mdogo wangu ana neno la kukwambia, na siku zenyewe zimekwisha. Neno gani, utalisikia kwake mwenyewe. Akilisema, shemeji, msikilize. Usimsahihishe hata herufi moja. Ukimsahihisha, nitakuja mwenyewe nimchukue, na hutamwona tena."

Mshenga aliogopa. Tusimwonee, alimpenda mkewe, alimpenda sana, na usiku ule aligundua kwamba hajui usingizi wa kitanda kisicho na pumzi yake pembeni. Akaapa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mazoezi, akaamua kufanya mazoezi. Jioni iliyofuata aliwaambia wanafunzi waseme watakavyo, waoe ovyo, waachane ovyo, yeye hatatia neno. Mlinzi wa benki akaanza kuhadithia siku yake, na kosa la kwanza lilipopita Mshenga alishika meza. La pili akauma ulimi. Nesi aliposimama na kummaliza "get" na mashemeji watatu kwa mkupuo, mwalimu alikuwa amelowa jasho mpaka nesi akaacha Kiingereza akamshika paji la uso kumpima homa. Lakini hakusema. Alirudi nyumbani mshindi, akijiona mume bora mtaa mzima.

Ikaja siku ya mapumziko. Walikula chakula cha mchana, Fundi akafuta meza, akatundika kitambaa, akarudi akakaa mbele ya mumewe. Alikuwa amesuka nywele na kuvaa gauni lake la bluu. Gari la kiwanda lingempitia alasiri hiyohiyo; alikuwa ameahirisha na kuahirisha mpaka siku zikamwishia zote, ikabaki hii. Mikono aliiweka mezani.

Akaanza kusema, kwa Kiingereza. Si kwa sababu ya sheria ya nyumba, jua lilikuwa bado juu. Ni kwamba kwa Kiswahili maneno haya yangemkwama. Kiswahili kilikuwa cha mama yake, cha haya yake, cha harusi yake. Kila neno lake lilikuwa na mtu anayemtazama. Kiingereza hakikuwa na mama. Kule kinyozini alikuwa amegundua kwamba ndani yake mtu anaweza kusema la moyoni na asife.

Alisema amepata kazi. Alilisema kwa kitenzi cha kudaka mpira, na Mshenga akashika ukingo wa kiti. Nitanyamaza, alijiambia. Alisema ni mji gani, na gari linakuja leo, na sanduku liko uvunguni. Mshenga aliona "leave" anapita mkono kwa mkono na shemeji wa watu, akameza mate. Alisema haendi kwa hasira. Alisema kwa miaka mingi ameishi ndani ya nyumba hii kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani, anaogopa hata kukohoa, na kwamba amechoka, lakini hajaacha kumpenda. Hapo palikuwa na "tired" na shemeji asiyejulikana kwao, na Mshenga alihisi mshipa wa shingo unamtoka. Akaendelea kunyamaza. Alikuwa kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni: haoni njia, haoni watu, anaona maji tu.

Fundi aliliona lile jasho. Akadhani maneno yake yanamwingia. Alitiwa moyo, akasogea mbele, na sauti ikapata nguvu. Alimkumbusha siku zile za uchumba, alivyokuwa akimsindikiza kutoka chuo cha ushonaji, alivyomsikiliza njia nzima mpaka anapitiliza kwao na kurudi tena kwa miguu. Alisema yeye Fundi bado anamtaka yule kijana. Kama yumo humu ndani, na aseme. Akisema baki, sasa hivi anapiga simu kiwandani anavunja. Akisema nisubiri, atatafuta chumba cha wawili, na shule za Kiingereza huko zipo. Akanyamaza kidogo, akavuta pumzi, na akamwuliza lile alilokuwa amelibeba mwezi mzima: unanitaka?

Alipomaliza machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni, na hakuyafuta.

Mshenga alisikia ukimya. Ulimjia ghafla, akashtuka, akaelewa kwamba mkewe amefika mwisho na kwamba yeye, kwa uwezo wa Mungu, hajatamka hata silabi. Makosa yote yale yamempita mbele ya macho naye hakunyanyua kidole. Aliona fahari ambayo hakuwahi kuionja siku aliyopata cheti chake. Alitamani shemeji yake wa maziwa angekuwepo ashuhudie.

"Vizuri sana," alisema, akishusha pumzi. "Sina la kuongeza."

Fundi alimtazama. Alirudi kwenye Kiswahili bila kujua. "Huna la kuongeza?"

"Hata neno moja, mke wangu," alisema Mshenga, na akatabasamu kwa mapenzi yake yote.

Fundi alingoja kidogo tena, kwa ajili ya nani hata yeye hakujua. Kisha akatikisa kichwa, kama alivyokuwa amezoea, akainuka akaingia chumbani. Mshenga alibaki mezani akijipongeza. Alisikia kitu kikiburutwa sakafuni, akadhani ni vitambaa. Alisikia kabati likifungwa. Alifikiria kwamba huenda jioni watoke kidogo, wanunue kitu baridi, kwa sababu mambo sasa yalikuwa yamekaa sawa.

Mkewe akatoka amevaa viatu, sanduku mkononi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Nimekwambia."

"Umeniambia lini?"

"Sasa hivi," alisema Fundi. "Nimekuuliza na swali. Ukanijibu."

Mshenga akafumba macho akatafuta. Makosa yalikuwepo yote. Yalikuwa yamejipanga kichwani safi kabisa, kila kitenzi na mke asiye wake, angeweza kuyataja moja baada ya jingine bila kuruka. Swali halikuwemo. Wala mji. Wala kazi. Aliona sanduku, aliona viatu, aliona chozi lililokauka shavuni kwa mkewe ambalo hakuliona likitoka.

"Rudia," alisema. Sauti yake ilikuwa imeharibika. "Rudia mke wangu, tafadhali. Sema vyovyote vile unavyotaka."

Na Fundi, haki yake tumpe, alijaribu. Alimhurumia. Alimpenda, hata pale mlangoni, na alifumbua mdomo, midomo ikacheza. Kisha akaufunga.

"Sina tena, Mwalimu. Yale niliyaweza mara moja tu."

Honi ikapigwa chini. Ngazi za jengo walilopanga zilikuwa nyembamba na sanduku lilikuwa zito, kwa hiyo Mshenga akashika upande mmoja wakalishusha pamoja, yeye akitangulia kinyumenyume. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, akalipokea, akalipakia, akamfungulia Fundi mlango. Kisha akamgeukia Mshenga akamwuliza kama mzee naye anapanda, maana nafasi ipo.

Fundi, ambaye alikuwa ameshakaa, aligeuza uso akamtazama mumewe, akangoja. Mshenga alifumbua mdomo. Alijua kwamba safari hii kuna neno linalotakiwa, moja tu, lile linalofaa hasa kwa jambo kama hili, na akaanza kulichagua. Dereva akasubiri, akamtazama Fundi kwenye kioo, akawasha gari. Lilipokata kona pale kwenye duka la maziwa, Mshenga alikuwa bado analichagua.